Kutoka Mji Kasoro Bahari hadi Osaka

Morogoro husifiwa kwa jina la "mji kasoro bahari". Milima ya Uluguru ipo, mito iteremkayo ipo, ngoma na muziki vipo. Kilichokosekana ni bahari tu. Mwaka 1970 bahari hiyo ilivukwa. Bendi ya Morogoro Jazz, pamoja na mwimbaji na mpiga gitaa wake mashuhuri, Mbaraka Mwinshehe, ilipelekwa Japani kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho ya dunia ya Expo '70. Maonyesho hayo yalifanyika Osaka kuanzia tarehe 15 Machi hadi tarehe 13 Septemba. Nchi 77 zilishiriki, na idadi ya mahudhurio ilipita milioni 64.

Ada ya maonyesho ni kufungwa, na mabanda kubomolewa. Lakini Wajapani walikuwa wamekwisha kupiga hesabu ya kesho. Miaka miwili kabla ya ufunguzi, wataalamu vijana walitumwa pembe zote za dunia kununua vinyago, sanamu na vyombo vya matumizi. Walirejea na vitu takribani 2,500, navyo vikaonyeshwa chini ya Mnara wa Jua, kazi ya msanii Okamoto Taro. Mwaka 1974 serikali iliunda Makumbusho ya Taifa ya Ethnolojia, ambayo wenyewe huyaita kwa ufupi Minpaku. Yalifunguliwa Novemba 1977 katika bustani ile ile ya Expo, na vitu vile vikapata makazi ya kudumu.

Mkurugenzi wake wa kwanza, Umesao Tadao, hakuwa mgeni wa Tanzania. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 alifanya utafiti Mangola, karibu na Ziwa Eyasi, miongoni mwa Wadatoga. Mwenziwe wa huko huko Mangola, Wazaki Yoichi, alitunga kamusi ya Kiswahili kwa Kijapani iliyochapishwa mwaka 1980. Kwa hiyo, kabla ya kuwa na jengo na makabati, nyumba ile ilikuwa na watu waliojifunza lugha za wenye vitu.

Je, nyumba kama hiyo huishi kwa riziki gani? Tikiti za mlangoni hazitoshi kuendesha makumbusho yenye vitu zaidi ya 300,000. Nguzo kuu ni ruzuku ya uendeshaji itolewayo na serikali kila mwaka. Hiyo ndiyo ilipayo mishahara, umeme, na ulinzi wa mbao na nguo dhidi ya unyevu na wadudu. Ni fedha isiyo na mbwembwe, wala haizinduliwi kwa utepe. Lakini ikikatika, mchwa hawangojei bajeti ijayo. Nguzo ya pili ni ruzuku za utafiti, zigombewazo na wataalamu kwa maandiko ya miradi. Hizo huwa na muda maalumu, nazo hugharimia safari, mikusanyo na uandishi wa kumbukumbu. Ya tatu ni fedha za ushirikiano wa kimataifa. Tangu miaka ya 1990, kwa msaada wa shirika la JICA, watumishi wa makumbusho kutoka nchi zinazoendelea wamekuwa wakialikwa Japani kujifunza uhifadhi, upangaji na uandikishaji wa vitu.

Kando ya nguzo hizo kuna jambo la kuzingatiwa zaidi. Expo ilipomalizika ikiwa na ziada, ziada hiyo haikugawanywa ikaliwa. Iliwekwa katika mfuko, na mapato yake yakawa yakitolewa ruzuku kwa shughuli za utamaduni na maelewano ya mataifa. Sherehe ya miezi sita ikazaa chemchemi ya miaka mingi.

Uluguru nako kumewahi kunyeshewa na mvua ya ruzuku za Kijapani. Kati ya mwaka 1999 na 2004, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kwa msaada wa JICA na kwa ushirikiano na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kyoto, kiliendesha mradi wa maendeleo vijijini katika nyanda za Umatengo na milima ya Uluguru. Msingi wake ulikuwa kuyachunguza kwanza maarifa ya wenyeji, ndipo mipango ifuate. Mradi ulikuwa na tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, kama ilivyo tabia ya miradi.

Hapo ndipo penye fundisho. Ruzuku ya mradi ni mvua ya msimu. Makumbusho huhitaji kisima. Waluguru, wafuatao ukoo wa mama, wana urithi usiopungua thamani ya chochote kilichomo Osaka. Mwana hiti, kisanamu cha mti au cha kibuyu alichopewa mwali awapo ndani, ambacho Waluguru huchangia na Wazaramo na Wakwere, leo huonekana katika makabati ya Ulaya. Mbaraka mwenyewe aliiacha Morogoro Jazz mwaka 1973, akaunda Super Volcano, na Januari 1979 akafariki kwa ajali ya gari nchini Kenya. Sauti yake ilibaki katika sahani za santuri na katika kanda za Redio Tanzania Dar es Salaam. Kanda nazo huchakaa, hata zinapokuwa zimefungiwa kabatini.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Kule Osaka daftari lilifunguliwa kabla sherehe haijaanza, na fedha ya kulitunza ikatengwa sherehe ilipokwisha. Wana wa Morogoro walipiga magitaa yao pale pale ambapo nyumba hiyo ilikuja kujengwa. Walikwenda na nyimbo, wakarudi na sifa. Kilichobaki ni wenyeji kuikumbuka mizani ile: mgeni aweza kusaidia kuchimba kisima, lakini kamba na ndoo ya kila siku ni juu ya mwenye nyumba.