Upanga wa Afisa wa Jeshi la Uingereza

Upanga wa afisa wa askari wa miguu wa Uingereza, wa muundo ulioidhinishwa mwaka 1822, ni rahisi kuutambua na rahisi kuukosea umri. Kinga yake ya mkono ni ya shaba njano iliyopakwa dhahabu, imetobolewa mfano wa madirisha ya makanisa ya Kigothi, na ndani yake mna duara la yai lenye taji na herufi za mtawala. GR IV ni George wa Nne (hadi 1830), WR IV ni William wa Nne (1830–1837), VR ni Malkia Victoria (1837–1901).

Wauzaji wengi huishia hapo. Lakini Victoria alitawala miaka 63, na katika muda huo upanga ulibadilika sana. Bapa la mwanzo limepinda kidogo, na mgongoni lina ufito wa mviringo unaokimbia hadi karibu na ncha. Mwaka 1845 likaja bapa la Wilkinson, mtengenezaji wa panga wa London, lenye mfereji kila upande. Kinga nayo ilikuwa na kipande cha ndani chenye bawaba, kilichokunjwa ili upanga ulale vizuri ubavuni. Kikaondolewa mwaka 1854. Basi VR yenye bawaba na bapa la mfereji huangukia kati ya 1845 na 1854. Mwaka 1892 bapa likanyooshwa liwe la kuchoma kuliko kukata, na mwaka 1895 shaba ikaachia nafasi chuma cha pua. Muundo wa 1897, uliokunja ukingo wa ndani wa kinga usichakaze sare, ndio unaobebwa kwenye magwaride ya Uingereza hadi leo.

Maafisa wa vikosi vya Rifles ni habari nyingine: kinga yao ni ya chuma cha pua na ina tarumbeta mahali pa herufi, hivyo nakshi za bapa ndizo husomwa.

Panga nyingi za Wilkinson wa London zilizotengenezwa tangu miaka ya 1850 zina namba mgongoni mwa bapa, karibu na kipini. Daftari za kiwanda huonyesha ziliuzwa lini, na mara nyingi kwa nani. Hakuna ushahidi unaoushinda huo, ila unalihusu bapa tu. Afisa alijinunulia upanga mwenyewe, akautumia miaka mingi, pengine akamwachia mwanawe, na kinga mpya ikafungwa kwenye bapa la zamani. Upanga mzima hauwezi kuwa na umri mkubwa kuliko kipande chake kichanga kabisa.

Makali yaliyonolewa si kasoro, maana panga zilinolewa kabla ya kwenda vitani. Kinachoharibu ni Brasso, dawa ya kung'arisha shaba: humaliza dhahabu iliyosalia pembeni mwa taji na kufuta nakshi. Mpini halisi umevikwa ngozi ya samaki aitwaye taa, yenye chembechembe zisizolingana, chini ya waya uliosokotwa. Nakala nyingi za kisasa zina plastiki yenye vipele vya ukubwa mmoja.