Nyumba ya Miti na Waliobeba Maji

Wengi wetu tumeipita picha ile ya ofisi ya kanisa bila kuitazama. Inaonyesha nyumba ndogo ya miti na udongo, paa la nyasi, na mbele yake mzungu mmoja aliyevaa kofia. Nyuma ya picha mtu aliandika kwa penseli: "Nyumba ya mmisionari, Ndithini." Tulipoandaa kijitabu hiki cha jubilei ya miaka 50 ya kwaya yetu, tulitaka kuichapisha kwa maneno hayo hayo. Tulipoitoa nje kwenye mwanga, maswali yakaanza.

Kwanza, ukuta. Sehemu ya juu ni nyeusi kuliko ya chini. Mmoja wetu alisema ni kivuli cha paa. Lakini kivuli hakina alama za vidole, na weusi ule unazo. Ni udongo mbichi. Picha ilipigwa nyumba ikiwa bado inakandikwa.

Pili, miguu. Viatu vya mzungu ni safi. Pembeni kabisa, karibu wakatwe na ukingo wa picha, wamesimama kina mama watano, na matope yamewafika magotini. Nyuma yao kuna madebe, na mmoja bado ana mukwa kwenye paji la uso. Miti haina majani na ardhi ni vumbi tupu. Ulikuwa wakati wa kiangazi. Basi maji ya kukandika yaliletwa kwa migongo yao. Debe moja huchukua karibu lita 18. Anayeijua Ndithini wakati wa jua kali hahitaji kuelezwa zaidi.

Tatu, kitabu. Kijana mmoja amekishika kifuani, nacho ni kinene. Agano Jipya la Kikamba lilitoka 1920, na Biblia nzima 1956. Hatuwezi kuapa, lakini unene ule unatufanya tufikiri kwamba picha ni ya baada ya 1956.

Hapo tukakumbuka habari ya zamani zaidi. Peter Cameron Scott wa Africa Inland Mission alifika Mombasa Oktoba 1895, akapanda hadi Nzawi, na Desemba 1896 alikuwa amekwisha kufa kwa homa. Kazi ingeweza kuishia kaburini. Haikuishia, kwa sababu Wakamba waliolipokea Neno walilibeba wenyewe kutoka kijiji hadi kijiji, nao wakakata miti na kujenga. Hatumdharau mgeni yule mwenye kofia. Tunasema tu kwamba nyumba haikujengwa na viatu safi.

Bado kulikuwa na jambo la mwisho. Kina mama wote watano wamefungua midomo. Tulidhani wanacheka. Tulipomwonyesha mmoja wa mama wazee wa kwaya, alituuliza kama sisi tumewahi kuona mwethya ukifanywa kimya. Ni kweli. Shambani, mtoni au kwenye ujenzi, mwethya una mwenye kuanzisha wimbo na wenye kuitikia. Kina mama wale walikuwa wakiimba.

Rejista yetu inaanza miaka 50 iliyopita, na hatutaongeza hata mwaka mmoja. Lakini majina ya waanzilishi yaliyoandikwa humo ni ya wanaume watupu, na sasa tunajua kwamba sauti za kwanza mahali hapa hazikuandikwa popote. Kwa hiyo tumebadilisha maneno ya chini ya picha. Sasa yanasomeka: "Kina mama wa mwethya wakikandika nyumba."

Majina yao bado hatuna. Siku ya sherehe picha itakuwa mezani karibu na mlango. Tafadhali mlete nyanya zenu waitazame. Pengine mmoja atamwona mama yake, au atajiona mwenyewe akiwa msichana. Tumeacha mistari mitano mitupu chini ya ukurasa huu. Tusaidieni kuijaza wangali nasi.