Kakontwe: jina letu kwenye karatasi za wengine

Wandugu wasomi, tuanze na jina moja tu: Kakontwe. Kwetu Likasi, Kakontwe ni mtaa, na ni machimbo ya mawe ya chokaa yaliyotumikia viwanda vyetu vya shaba miaka na miaka. Lakini fungua ripoti za jiolojia za Kipushi, ama vuka mpaka mpaka Ndola kule Zambia, utakuta jina hilo hilo. Wanajiolojia walilichukua wakaliita tabaka zima la miamba linalopita chini ya nchi mbili. Mtu aliyekaa Johannesburg au Vancouver, ambaye hajawahi kukanyaga Likasi, akisoma neno Kakontwe anajua ni mwamba gani, na anaanza kuwaza madini gani yanaweza kuwa karibu.

Siku hizi kila mkutano wa wafanyabiashara unaongelea data na teknolojia, kana kwamba ni mambo yaliyokuja juzi na simu za kisasa. Hapana. Hapa Katanga mambo hayo yana zaidi ya miaka mia moja. Na historia yetu inaonyesha kitu ambacho kiongozi yeyote wa biashara anapaswa kukijua: mashine unaweza kuinunua, hata mgodi unaweza kuupata kwa sheria, lakini kama habari za mgodi ziko kwa mwingine, basi yeye ndiye anayeamua.

Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka 1906. Wazee wetu wanakumbuka mitambo yake: Panda, na kiwanda cha Shituru kilichoanza kusafisha shaba kwa umeme mwaka 1929. Lakini ilikuwa pia kampuni ya karatasi. Mashimo ya utafiti yaliandikwa kina chake, aina ya jiwe na asilimia ya madini. Wafanyakazi nao waliandikwa: afya zao, familia zao, miaka yao ya kazi. Watu waliiita kampuni baba na mama. Sawa, lakini baba huyo alikuwa na daftari, na watoto hawakuruhusiwa kulisoma.

Mfano mkubwa uko karibu na sisi, Shinkolobwe, kama kilomita 20 tu kutoka Likasi. Uranium iligunduliwa pale mwaka 1915. Kwa miaka mingi kilichotafutwa ndani ya mawe yale kilikuwa radium, ambayo kampuni ilianza kuitoa Olen, Ubelgiji, mwaka 1922. Uranium yenyewe ilikuwa na soko dogo sana. Mwaka 1937 mgodi ukafungwa.

Mwaka 1939 mkuu wa kampuni, Edgar Sengier, alikutana London na mwanasayansi Mwingereza, Henry Tizard. Tizard alimwonya kwamba ana mali ambayo ikiangukia kwa adui inaweza kuleta maangamizi. Sengier hakuwa mwanafizikia. Ila alijua vitu viwili kwa uhakika: akiba yake ina tani ngapi, na mawe yake ni mazuri kiasi gani. Mwaka 1940 akaamuru karibu tani 1,200 zisafirishwe New York, zikawekwa ghala la Staten Island. Septemba 1942, Kanali Kenneth Nichols wa jeshi la Marekani alipofika ofisini kwake kuulizia uranium, mzigo ulikuwa tayari umekaa hapo hapo mjini. Miaka mitatu baadaye dunia nzima ilisikia habari za Hiroshima.

Hatumsifu Sengier kwa bomu. Wachimbaji waliobeba mawe yale hawakuambiwa yanaenda kufanya kazi gani, na jeraha hilo bado liko. Lakini angalia namna ya uamuzi wenyewe. Mwanasayansi alileta habari moja, hesabu za kampuni zilileta nyingine, na mkubwa akaziunganisha mapema kabla soko halijaamka. Hiyo ndiyo maana ya kutumia data, hata kama kompyuta hakuna.

Sasa tuje kwa uhuru. Mwishoni mwa 1966 serikali ya Mobutu iligombana na Union Minière, na Januari 1967 mali zake za Congo zikachukuliwa. Kampuni mpya ikaitwa Gécomin, ambayo baadaye ikawa Gécamines. Watu wakashangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia: mashimo, reli za ndani na viwanda vyote vilikuwa vyetu. Lakini nani angeuza shaba? Nani alikuwa na anwani za wanunuzi, mikataba ya kusafisha, orodha ya vipuri, mainjinia? Mwaka 1960 wahitimu wa chuo kikuu nchi nzima walikuwa wa kuhesabu, na Chuo Kikuu cha Elisabethville kilikuwa kimefunguliwa mwaka 1956 tu. Basi Februari 1967 ilibidi kusaini mkataba na Société Générale des Minerais, kampuni ya Ubelgiji kutoka familia ile ile ya kibiashara, iendeshe mambo ya kiufundi na kuuza madini kwa malipo. Tulikuwa tumemtoa mwenye nyumba kisha tukamrudisha kwa mshahara, kwa sababu yeye ndiye aliyejua nyumba inavyofanya kazi.

Haki isemwe: Gécamines ilijifunza. Mainjinia Wakongo waliongezeka, na miaka ya katikati ya 1980 kampuni ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba kwa mwaka. Halafu ikaanguka. Pesa za kampuni zilikwenda kwa serikali badala ya kurudi kwenye mitambo, na Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka. Kufikia 1994 shaba ilikuwa imeshuka mpaka tani 30,000 hivi.

Mwaka 2003 zikaja zile zinazoitwa hadi leo "départs volontaires". Wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliondoka kwa malipo ya mara moja. Familia nyingi za Likasi zinajua uchungu wake: ada za shule, matibabu, vyote vilikatika. Lakini kuna hasara nyingine ambayo haikuingizwa kwenye hesabu. Mtu aliyekaa miaka 30 kwenye tanuru moja anajua sauti yake ikianza kuharibika. Anajua pampu gani inadanganya. Kama hakuna aliyekaa naye kuandika, siku anapotoka getini, elimu hiyo inatoka naye. Si kila data imo kwenye karatasi, nyingine imo kichwani mwa mtu.

Sasa turudi kwenye miamba ya Kakontwe, safari hii pale Kipushi. Kabla mgodi wa Kipushi haujafungwa mwaka 1993, mashimo ya utafiti ya Gécamines yalikuwa yameonyesha akiba kubwa ya zinki chini zaidi, inayoitwa Big Zinc. Haikuchimbwa. Habari zikabaki kwenye mafaili. Mwaka 2011 Ivanhoe Mines ya Canada iliingia ubia na Gécamines, na mwaka 2014 ikaanza kutoboa tena ikihakikisha hesabu zile za zamani. Zinki ikakutwa kweli, karibu asilimia 35 ya jiwe. Uzalishaji ulianza Juni 2024. Fikiria: kazi ya mainjinia wa Gécamines ililala miaka 20 na zaidi, ikaamka pale alipokuja mtu mwenye mtaji na nia ya kuisoma.

Na mchezo unaendelea. KoBold Metals ya Marekani inatafuta madini kwa kutumia akili bandia pamoja na ramani na ripoti za zamani. Zambia inashughulikia akiba ya Mingomba. Julai 2025 ilisaini makubaliano ya awali na serikali yetu. Moja ya mambo yaliyomo ni kuingiza kwenye kompyuta karatasi za jiolojia za Congo zilizoko kwenye makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji. Karatasi ambazo wengi wetu tunaziona ni takataka za mkoloni leo zinagombewa.

Kwa hiyo, ndugu unayemaliza masomo na kuota biashara yako, au unayeanza kazi ofisini: usianze kwa kuuliza ununue programu gani. Uliza kwanza nani anaandika mambo ya kazi kila siku, daftari hilo linakaa wapi, na kama mkubwa analisoma kabla ya kuamua. Anayeuza chokaa kwa lori anaweza kuandika nani alinunua, lini, bei gani, na lori liliharibika mara ngapi. Baada ya mwaka mmoja atajua mambo ambayo jirani yake anayakisia tu. Na ukiajiri mtu wa kutunza mfumo wako wa kompyuta, mkataba useme wazi data ni ya nani siku mtakapoachana. Mwaka 1967 nchi nzima ilijifunza somo hilo kwa gharama kubwa.

Kuna jambo moja la kufanya hata kabla ya mtaji kupatikana. Wazee waliofanya kazi Shituru, Panda na Kakontwe bado tunao, ingawa wanapungua kila mwaka. Nani kati yetu atakaa nao na daftari?