Sanamu za Kaure Zisizopakwa Rojo

Somo la leo latupeleka Ufaransa.

Shikeni kikombe cha kaure. Kinateleza, kwa sababu kimepakwa rojo ambayo moto wa joko huigeuza kuwa kioo. Lakini katika kiwanda cha Vincennes, karibu na Paris, tangu miaka ya 1750 mafundi walichoma sanamu ndogo bila kuzipaka rojo hiyo. Zilitoka nyeupe, hazing'ai, mfano wa marmar. Wafaransa waliziita biskuti, yaani kitu kilichopikwa mara mbili. Hizi si za kula!

Kwa nini waliacha rojo? Rojo hujaza mikunjo ya nguo na kufifiza sura ya uso. Lakini pia huficha kasoro. Biskuti haina pa kujificha: doa au ufa mdogo huonekana na kila mtu.

Mwaka 1756 kiwanda kilihamia Sèvres. Mwaka 1757 Étienne-Maurice Falconet aliwekwa kuwasimamia wachongaji. Yeye alizipenda hadithi za Wayunani na Warumi wa kale. Alichonga ile ya Pygmalion, fundi aliyeipenda sanamu yake mwenyewe, hata mungu wa kike Venus akaitia uhai. Marmar hiyo ilionyeshwa Paris mwaka 1763. Kiwanda nacho kikatoa nakala ndogo za biskuti kwa kalibu. Hivyo kazi iliyokuwa ya mwenye nyumba mmoja ikaingia nyumba nyingi, ingawa za matajiri.

Swali la kujibu: Kwa nini biskuti ilimpima fundi kuliko kikombe?