Sauti Zisizoandikwa za Ruhaya

Mtu afikaye Rwamishenye, katika mji wa Bukoba, husikia Kiswahili na Ruhaya vikipokezana katika mazungumzo yale yale. Lugha hizi ni ndugu, lakini undugu wao hauonekani upesi. Mswahili husema kupa. Mhaya husema okuha. Na Mganda, ng'ambo ya mpaka, husema okuwa. Je, ile p ya wazee ilipotelea wapi? Haikupotea yote. Mhaya aombapo apewe kitu husema mpa, na Mganda vile vile husema mpa. P hiyo ilijibanza nyuma ya m ikasalimika, hali penginepo ilikwisha kulainika. Neno fupi kama hilo ni hati ya kale kuliko chochote kilichoandikwa Bukoba, na mwanahistoria asiyelisoma amejinyima ushahidi.

Maandishi yalikuja baadaye sana. Mapadre Weupe walifungua misheni ya Kashozi mwaka 1892, na Ruhaya ikaja kuandikwa kwa herufi za Kirumi. Konsonanti zilinaswa vyema, ingawa hata leo wengine huandika Oluhaya na wengine Oruhaya. Kilichoachwa nje ni toni. Katika okulima, yaani kulima, shina hutamkwa chini. Katika okukoma, yaani kufunga kwa kamba, shina hupanda. Tena kupanda huko si kwa daima: katika sentensi ya kawaida, kitenzi kikifuatwa na yambwa lake, ile sauti ya juu hushuka, na kwa njia hiyo msikilizaji hutambua ni lipi hasa linaloarifiwa. Jambo hili lilichambuliwa kwa makini na Ernest Byarushengo, akishirikiana na Larry Hyman na wenzake huko California. Kitabu chao cha sarufi ya Kihaya kilitoka mwaka 1977.

Kabla ya hapo, mwaka 1949, kilikuwa kimetolewa Amakuru ga Kiziba, kitabu cha historia cha Francis Lwamgira. Wasomaji wake wa kwanza hawakuhitaji alama za toni, kwani toni walikuwa nazo mdomoni. Mtoto wa Rwamishenye wa leo, aliyefunzwa kusoma kwa Kiswahili, lugha isiyo na toni za namna hiyo, aweza kuitamka kila herufi ya ukurasa asijue sauti ipande wapi. Kwa hilo hana budi kumwendea bibi yake.