Mcheza Kwao Hutunzwa: Habari za Watazamaji wa Mpira Sumbawanga



Mhariri amenitaka niandike habari za michezo ya zamani. Nimeona nisiandike juu ya wachezaji, kwa sababu wachezaji husifiwa kila mwaka tunapokutana, na kila mwaka magoli yao huongezeka. Nitaandika juu ya watazamaji, yaani watu waliokuwa wakipanga Jumamosi na Jumapili zao ili wakatazame timu za mitaa, za wilaya na za shule, timu ambazo habari zao hazikufika katika gazeti hata siku moja. Nataka kueleza jinsi watu hao walivyokuwa, jinsi walivyopungua, na kwa nini jambo hili linatuhusu sisi tuliolelewa hapa Kizwite.

Mkoa mpya na njia mpya

Hadi mwaka 1974 Sumbawanga ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mbeya, na Mpanda ilikuwa chini ya Tabora. Mwaka huo ukaundwa Mkoa wa Rukwa, makao makuu yake yakawa hapa. Wazee wengi hulikumbuka jambo hilo kwa ofisi zilizofunguliwa na watumishi waliohamia. Lakini kwa wapenzi wa kandanda lilikuwa na maana nyingine pia. Mpira wa nchi yetu hupanda kwa ngazi zile zile za utawala: wilaya, mkoa, kisha taifa. Kabla ya 1974, kijana wa Ufipa aliyetaka kuvaa jezi ya mkoa alitakiwa aonekane Mbeya, safari ya zaidi ya kilomita 300 kwa barabara ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika. Baada ya 1974 alitakiwa aonekane Sumbawanga.

Neno hilo "aonekane" ndilo msingi wa makala haya. Mchezaji hapandi ngazi kwa kucheza tu. Hupanda kwa kuwa yuko mtu aliyemwona akicheza, akamtaja kwa mwingine. Kwa hiyo mkoa mpya ulihitaji wachezaji, na ulihitaji vile vile watu wa kuwatazama. Watu hao walikuwepo.

Mpango wa Jumamosi

Siku hizo Jumamosi ilikuwa siku ya kazi hadi mchana, kwa hiyo mpango wa kutazama mpira ulianza mapema. Hapakuwa na simu mkononi. Habari ya mchezo ilitoka kwa mjumbe wa timu kwenda kwa fundi baiskeli, kutoka kwa fundi hadi sokoni, na kutoka sokoni hadi kwetu bwenini kwa mdomo wa mwanafunzi wa kutwa. Kufika Alhamisi tulijua ni timu gani zitakutana na uwanja upi. Ijumaa tuliomba kibali kwa mwalimu wa zamu, na kibali hakikutoka mpaka usafi wa Jumamosi ukaguliwe. Bweni lililokuwa na wapenzi wengi wa mpira ndilo lililong'aa kuliko yote.

Mchezo ulianza saa kumi jioni. Hapa nieleze jambo moja ambalo wageni kutoka pwani hulishangaa. Kwa kuwa sisi tuko magharibi ya nchi, na saa ni moja kwa nchi nzima, jua letu huzama karibu nusu saa baada ya jua la Dar es Salaam. Nusu saa hiyo ilitufaa sana. Mchezo uliochelewa kuanza kwa sababu wageni walikuwa bado njiani uliweza kumalizika kabla ya giza, nasi tukawahi kuhesabiwa namba. Wageni nao walikuwa na haki ya kuchelewa. Waliotoka Bonde la Ziwa Rukwa walipanda ukingo wa Lyamba lya Mfipa wakiwa juu ya lori, mara nyingi wamekalia magunia ya mahindi. Wakati ule Rukwa ilihesabiwa pamoja na Mbeya, Iringa na Ruvuma kuwa mikoa minne mikubwa ya mahindi nchini, na lori la mahindi ndilo lililokuwa basi la wanamichezo. Mchezaji alishuka, akakung'uta unga na vumbi, akavaa jezi, akaingia uwanjani.

Wakati wa shida ya petroli, serikali ilikataza magari ya watu binafsi kutembea Jumapili mchana. Katika miji mikubwa jambo hilo liliwaudhi wengi. Kwetu halikupunguza mtazamaji hata mmoja, kwa sababu sote tulikwenda kwa miguu. Baada ya ibada na chakula cha mchana, watu walishuka uwanjani kwa makundi: akina mama wauza karanga, mafundi, walimu, watumishi wa ofisi, na sisi wanafunzi tukiwa tumejikunyata katika masweta, maana upepo wa Ufipa mwezi Juni haumheshimu mtu.

Tena tulifika mapema. Kabla ya mchezo wenyewe ulikuwepo mchezo wa utangulizi, wa watoto au wa timu ya pili. Huko ndiko wazee wa mpira walikoangalia zaidi. Walikaa nyuma ya goli, wakanyamaza, kisha mmoja akasema, "Yule wa kushoto, babu yake nani?" Swali hilo likishaulizwa, kijana yule alikuwa amekwisha kuchaguliwa, ijapokuwa yeye mwenyewe hajui.

Redio ilitufuata, televisheni ilituita

Vijana wanaweza kudhani kwamba tulitazama timu za mtaa kwa kuwa hatukuwa na Simba na Yanga. Sivyo. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, na tulipokuwa shuleni mapenzi hayo yalikwisha kuigawa kila familia ya Ufipa. Tuliwasikia kwa Redio Tanzania Dar es Salaam. Agosti 1979, Peter Tino alipofunga goli kule Ndola dhidi ya Zambia, na Tanzania ikapata nafasi ya kwenda Lagos katika Kombe la Mataifa ya Afrika la 1980, hatukuona kitu. Tulisikia tu, na tukapiga kelele kama tuliokuwa Ndola.

Lakini redio ina tabia njema: hubebeka. Mtu aliitia begani akaenda nayo uwanjani. Macho yalitazama timu ya mtaa, sikio likasikiliza Dar es Salaam, na goli la upande wowote lilishangiliwa. Mpira mkubwa haukumnyang'anya mdogo watazamaji wake. Mwaka 1986 tulipata hata sababu ya kuamini kwamba mdogo anaweza kuwa mkubwa: Tukuyu Stars, timu ya mji mdogo wa Rungwe, majirani zetu, ilipanda ligi ya taifa na mwaka ule ule ikatwaa ubingwa. Wale tuliokuwa tukiwaona Wanyakyusa wakipita na malori ya ndizi, sasa walikuwa mabingwa wa Bara.

Televisheni ina tabia nyingine. Tanzania Bara ilianza kuwa nayo mwaka 1994, na tangu mwaka 2013 Azam TV imeileta ligi yetu hadi mitaani. Sisemi kwamba ni jambo baya. Mzee kama mimi asiyeweza kusafiri huipenda. Lakini televisheni haibebwi begani. Humwita mtu aingie ndani. Mchezo wa Uingereza huonyeshwa Jumamosi alasiri na jioni, saa zile zile ambazo vijana wetu wanapiga danadana wakisubiri refa. Kibanda umiza hujaa, na uwanja hubaki na wachezaji, mbuzi wawili na ndugu wa mlinda mlango.

Jambo jingine lilitupata mwanzoni mwa miaka ya 2000. Michezo ya UMISSETA na ile ya shule za msingi, UMITASHUMTA, ilisimamishwa nchini kwa miaka kadhaa kabla ya kurudishwa. Wako vijana waliosoma kidato cha kwanza hadi cha nne bila kuona mashindano hayo. Waliokosa nafasi walikuwa wachezaji, na walikuwa pia watazamaji: kijana asiyezoeshwa kwenda kuishangilia shule yake hatazoea kwenda kuitazama wilaya yake.

Alhamisi mbili za mwaka 2020

Msimu wa 2020/21, timu ya Tanzania Prisons ya Mbeya, iliyopata kuwa bingwa wa Bara mwaka 1999, ilileta michezo yake ya nyumbani katika Uwanja wetu wa Nelson Mandela. Tarehe 22 Oktoba 2020 Simba, bingwa mtetezi, alifungwa hapa goli 1 kwa 0. Tarehe 31 Desemba Yanga akaja, wakatoka 1 kwa 1. Kwa mara nyingine nikaona watu wakishuka uwanjani kwa makundi kama zamani. Wako waliotania kwamba ni kazi ya jina la mji wetu, ambalo maana yake ni "tupa uchawi". Mimi nilikuwa upande wa goli, na kitu nilichokiona ni walinzi wa Prisons waliokataa kuchoka.

Lakini tazameni kalenda. Siku zote mbili zilikuwa Alhamisi, siku za kazi, na watu walipata nafasi. Jumamosi zilizofuata, timu zetu wenyewe zilipocheza daraja la chini, watu wale wale hawakupata nafasi. Baadaye Prisons wakarudi Mbeya kwenye uwanja wao wa Sokoine, kama ilivyokuwa haki yao. Mgeni akiondoka, nyumba hurudi kwa wenyewe. Sasa wenyewe ni nani?

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Methali hiyo ina watu wawili ndani yake: yuko anayecheza na yuko anayetunza. Tumezoea kumdai wa kwanza. Tunauliza kwa nini Rukwa haitoi wachezaji wa taifa, kana kwamba wachezaji hufyatuliwa kama matofali. Mbwana Samatta, aliyeingia Ligi Kuu ya Uingereza na Aston Villa mwaka 2020, hakuanzia Simba wala Mazembe. Kabla ya huko alikuwa African Lyon, klabu iliyotokana na timu ya Mbagala Market. Huko Mbagala walikuwepo watu waliokwenda kutazama vijana wa sokoni wakicheza. Serengeti Boys, walipokwenda Gabon mwaka 2017 kwa mashindano ya Afrika ya vijana wa chini ya miaka 17, kila mmoja wao alikuwa amekwisha kuonwa na mtu, mahali fulani, katika mchezo usio na kamera.

Shauri langu

Kwa hiyo natoa shauri kwa chama chetu cha wanafunzi wa zamani. Halihitaji mfadhili wala risala.

Kwanza, kila mmoja wetu anayeishi Sumbawanga achague Jumamosi au Jumapili moja katika mwezi, aitoe kwa mpira wa hapa: ligi ya wilaya, ligi ya mkoa, au mchezo wa shule. Ratiba hupatikana kwa chama cha mpira na kwa walimu wa michezo. Anayependa mchezo wa Uingereza asiuache. Jioni ni ndefu.

Pili, tulipe kiingilio penye kiingilio. Mia chache za mlangoni ndizo zinazonunua chokaa ya mistari na nauli ya refa. Mtu akiingia bure kwa kuwa anajulikana, timu hurudi kwao kwa miguu.

Tatu, twende mapema tuone mchezo wa watoto, tena twende na watoto wetu, wa kike na wa kiume, maana wasichana nao sasa wana ligi zao.

Nne, na hili nalielekeza kwenu mlio madarasani. Wekeni daftari. Andikeni tarehe, uwanja, timu, magoli, majina ya wafungaji na vidato vyao. Matokeo ya Simba na Yanga yamo katika magazeti ya Uhuru na Mzalendo tangu zamani. Matokeo ya mitaa ya Sumbawanga yamo vichwani mwa wazee, na wazee tunapungua kila mkutano. Winga bora niliyepata kumwona kwa macho yangu alicheza katika uwanja wa vumbi hapa mjini, akiwa na kiatu kimoja, na sasa tumebaki wanne tunaomkumbuka. Tukishaondoka sisi wanne, itakuwa kana kwamba hakucheza.

Daftari hilo likipatikana, naomba mhariri atoe ukurasa mmoja wa gazeti hili kila mwaka, uchapwe humo matokeo ya timu zetu pamoja na majina ya vijana. Ukurasa huo mimi nitausoma kabla ya hotuba ya mgeni wa heshima.

Nawatakieni mkutano mwema. Jumamosi, baada ya chakula, vijana wa kidato cha pili watacheza na wenzao wa kidato cha tatu. Mchezo utaanza saa nane, na viti havijapangwa.