Mimbari ya seminari: ibada ya chuo huendeshwaje, na kwa nini mhubiri mgeni huchaguliwa kwa uangalifu

Wasikilizaji wetu wa Nyamagana, kuanzia Igoma hadi Nyegezi, wamezoea kusikia tangazo la Jumapili kwamba leo Neno litaletwa na mtumishi mgeni. Wakati mwingine mgeni huyo ni mwanafunzi wa theolojia aliye likizo au kwenye mazoezi ya huduma. Katika makala haya tunaeleza ibada ya chuo, yaani mahali mwanafunzi huyo anapojifunza kusimama mbele za watu, na tunaeleza kwa nini suala la nani apewe mimbari ya seminari limewahi kuleta mtikisiko mkubwa.

Seminari ya Wabaptisti iko wapi?

Seminari ya Kibaptisti inayofahamika zaidi nchini iko Arusha, chini ya Mlima Meru. Ilifunguliwa mwaka 1962, miaka sita baada ya wamishenari wa Southern Baptist kutoka Marekani kuanza kazi Kenya na Tanganyika mwaka 1956. Ilikusudiwa kuwa seminari ya Afrika Mashariki, si ya nchi moja tu, na ndiyo chimbuko la Chuo Kikuu cha Mount Meru.

Ibada ya chuo ni nini?

Ni ibada ya katikati ya wiki, ambapo walimu, wanafunzi na wafanyakazi wa chuo hukaa pamoja. Kwa kawaida ni fupi kuliko ibada ya Jumapili, kwa sababu vipindi vya darasani vinasubiri. Kuna pambio, maombi, matangazo, usomaji wa Biblia na mahubiri.

Kwa Wabaptisti wengi, ibada hii si kanisa. Kanisa kwao ni ushirika wa waumini wa mahali fulani, waliobatizwa kwa maji mengi baada ya kuamini, wenye mchungaji wao na mkutano wao wa washirika. Kwa hiyo ubatizo na Meza ya Bwana kwa kawaida huachiwa kanisa la mahali. Kitu kikubwa kinachobaki katika ibada ya chuo ni Neno, ndiyo maana swali la nani asimame mimbarini lina uzito.

Wanaohubiri ni wa aina tatu: walimu, wanafunzi na wageni. Mwanafunzi akihubiri, wenzake na mwalimu wa somo la kuhubiri humsikiliza kwa sikio la pili: je, alichosema kilitoka katika maandiko aliyosoma, au aliyasoma kisha akayaacha? Je, alimaliza kwa wakati? Mtu wa kawaida angemwelewa?

Kwa nini waalikwe wageni?

Sababu ya kwanza ni kwamba darasani mwanafunzi hujifunza Kigiriki, historia ya kanisa na mafundisho ya imani, lakini mchungaji anayetoka kwenye kanisa lake huja na habari za misiba, ndoa zinazoyumba na vijana wasio na kazi. Mwanafunzi anahitaji kusikia jinsi maandiko yanavyohubiriwa kwa watu hao.

Sababu ya pili ni undugu kati ya chuo na makanisa. Makanisa ndiyo yanayotuma wanafunzi na kuchangia gharama. Mchungaji aliyealikwa hurudi nyumbani akieleza alichokiona.

Sababu ya tatu inatokana na utaratibu wa Kibaptisti wenyewe. Kwa desturi, kanisa la mahali hujichagulia mchungaji, na kabla ya kumwita humsikiliza akihubiri kama mgeni. Kwa hiyo kujua kuhubiri ukiwa mgeni ni sehemu ya kazi. Mwanafunzi anayewaona wageni wengi wakipita mimbarini hujifunza pia namna ya kuwa mgeni mwema: kushika muda, kutogeuza mahubiri kuwa historia ya maisha yake, na kutoingilia migogoro ya wenyeji.

Lugha nayo ina nafasi yake. Mgeni anayehitaji mkalimani hutumia karibu mara mbili ya muda kwa maneno yaleyale. Mahubiri ya dakika 30 yanabaki na dakika kama 15 za mhubiri mwenyewe, na asiyejiandaa kwa hilo huishia kukatishwa.

Mimbari ilipoleta mtikisiko

Mfano mmoja unatoka upande wa pili wa Ziwa Victoria. Mwaka 1941, katika chuo cha theolojia cha Kianglikana cha Bishop Tucker, Mukono, Uganda, wanafunzi 26 walifukuzwa. Walikuwa watu wa Uamsho wa Afrika Mashariki. Walikuwa wakikusanyika alfajiri kwa maombi na kuhubiri toba kinyume na amri ya mkuu wa chuo. Miongoni mwao alikuwa William Nagenda. Hakupata kuwa kasisi, lakini alikuja kuwa mhubiri aliyealikwa Afrika Mashariki na hadi Ulaya.

Mfano wa pili unawahusu Wabaptisti wenyewe. Tarehe 19 Aprili 1961, seminari ya Southern Baptist mjini Louisville, Marekani, ilimkaribisha Martin Luther King, mchungaji wa Kibaptisti aliyekuwa akiongoza harakati za kudai haki za watu weusi. Alizungumza katika ibada ya chuo kuhusu wajibu wa kanisa katika mivutano ya rangi. Umoja wa Southern Baptist ulikuwa umeanzishwa mwaka 1845 baada ya kutengana na wenzao wa kaskazini kwa sababu ya utumwa, na majeraha hayo yalikuwa bado mabichi. Baadhi ya makanisa yalizuia michango yao kwa seminari, na uongozi wa chuo ukajikuta ukitoa maelezo ya kujutia usumbufu uliotokea. Mwaka 1995 umoja huohuo ulipitisha azimio la kuwaomba radhi Wamarekani weusi kwa utumwa na ubaguzi.

Tukiiweka mifano hii pamoja, tunaona jambo moja. Mukono, uongozi uliwanyima watu nafasi ya kusema. Louisville, uongozi ulimpa mtu nafasi hiyo. Kote kuwili gharama ilikuwapo. Chuo kikimwalika mtu, washarika huona kwamba chuo kimemkubali. Kikimzuia, huona kimemkataa. Lakini chuo kinachowaalika wale tu wasioweza kumuudhi yeyote hakiwafundishi wanafunzi wake kuhubiri mbele ya watu wasiokubaliana nao, na hao watawakuta siku ya kwanza kazini.

Maswali kwa kanisa la mahali

Si seminari pekee yenye mimbari. Kabla ya kumkaribisha mgeni, wazee wa kanisa wanaweza kujiuliza: Anatoka kanisa gani, na mchungaji wake anajua kwamba anakuja? Atahubiri kutoka andiko gani? Je, ataomba sadaka yake binafsi au kuuza chochote baada ya ibada? Nauli na chakula chake ni juu ya nani? Kama ni kiongozi wa siasa, anakuja kuabudu na kutoa salamu, au anatarajia kuhubiri?

Na kama mgeni ni mwanafunzi, lipo jambo la ziada ambalo washirika wanaweza kumfanyia: wamweleze kwa upole, baada ya ibada, ni wapi walimwelewa na ni wapi walipotea. Mwalimu wake humpa alama, lakini mama aliyekaa benchi la nyuma ndiye anayejua kama sauti ilimfikia.